Mwendo wa Mama

Binti yangu alianza kutembea akiwa na mwaka mmoja na miezi saba, kwenye uwanja wa nyumba ya mama yangu huko Kibirichia. Tulikuwa tumetoka Embu kwenda kumsaidia mama kuvuna viazi. Mtoto alikuwa amesimama ameshikilia gunia lililojaa nusu, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Mara akaliacha gunia, akapiga hatua nne, tano, moja kwa moja hadi kwenye magoti ya bibi yake. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto, mwili wote uliinamia kushoto, kisha ukainuka tena.

Mama yangu hutembea hivyo hivyo.

"Ni yeye!" shangazi yangu alipiga kelele. "Jamani, ni yeye mwenyewe!"

Watu waliacha majembe wakaja kuona. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba, na kupewa jina si kuandikwa tu kwenye cheti. Mtoto anakuwa yule mtu. Mimi nilimwita binti yangu "mama" tangu siku ya kwanza, na nilipotaka kumkaripia nilijikuta nikishusha sauti. Mama naye alimwita "mimi." Alikuwa akinipigia simu ofisini na kuniuliza, "Mimi nimekula? Mimi nimeacha kukohoa?" Sasa mdogo alikuwa akitembea kwa mwendo wa mkubwa na hakuna aliyemfundisha. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Alipotembea mara ya pili nilimrekodi kwa simu, nikaituma video kwenye kundi la familia, na ndugu yangu anayeuza miraa Kangeta akajibu kwamba mama ameanza upya.

Niseme wazi kwamba nilifurahi. Zipo siku chache maishani mwangu ambazo nimefurahi bila kujilazimisha, na hiyo ni mojawapo. Kilichokuwa mbele yetu ni mfupa ulio nje ya mahali pake, nasi tuliupigia vigelegele.

Mwendo wa mama haukuwahi kuitwa ugonjwa nyumbani kwetu. Haukuitwa kitu chochote. Ulikuwa wake, kama vile mtu mwingine ana sauti nzito au pengo la meno. Nikiwa mdogo niliweza kumtambua akiwa bado ng'ambo ya bonde, nukta tu iliyovaa leso, kwa jinsi ilivyoshuka na kupanda. Nilikuwa nawaambia wenzangu, "Mama anakuja," nao walishangaa macho yangu. Kwa mwendo huo alilima, alibeba viazi mgongoni, alizaa watoto watano, akatuzidi wote kwa kasi alipokuwa na hasira. Baba alipokuwa hai alisema kwamba mwendo huo ndio uliomfanya amtazame mara ya pili sokoni. Nani angeita jambo kama hilo ugonjwa?

Mke wangu ni mtu wa Kanja, upande wa Embu, na ni fundi wa nguo. Ana kibanda mjini ambako hushona sare za shule. Kazi yake ni kutazama miili ya watoto na kuona upande upi umezidi. Binti yetu alipofikisha miaka miwili, alimsimamisha juu ya meza ya kukatia ili ampime suruali ya Krismasi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nasoma gazeti. Alipima mguu wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia wa kushoto.

"Mguu huu ni mfupi," alisema. Alikuwa na pini mdomoni.

"Mfupi kuliko nini?"

"Kuliko mwenzake. Na hapa kwa paja kuna mkunjo ambao upande ule hakuna. Njoo uone."

Sikwenda kuona. Nilikunja gazeti nikamwambia, "Kama unaona mwendo wa mama yangu ni aibu, sema tu."

Alitoa pini mdomoni moja moja akazitia kwenye kopo. "Sijasema kitu juu ya mama yako."

"Umesema juu ya jina lake."

Mke hazungumzii mwili wa mama mkwe wake. Hilo ni jambo ambalo hata wasichana wa mjini wanalijua, hata wale wanaojifanya hawajui mila. Nami nilijua kwamba analijua. Nililitumia jinsi mtu anavyotumia komeo la mlango. Alimshusha mtoto mezani, akamvalisha soksi, na hatukulizungumzia tena jambo hilo kwa mwaka mmoja na nusu.

Katika muda huo nilikuwa na nafasi moja nzuri ya kuwa mtu mwenye akili. Mimi hupiga pasi nguo zangu mwenyewe Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, na siku moja niliamua kumpigia mtoto suruali yake pia. Niliiweka mguu juu ya mguu ili niipate mistari. Haikulingana. Upindo wa mguu wa kushoto ulikuwa umepandishwa kama upana wa kidole. Nilidhani ni makosa, ingawa mke wangu hafanyi makosa ya namna hiyo. Nikatoa suruali nyingine kabatini, na nyingine. Zote. Alikuwa akimshonea mtoto nguo za miguu miwili tofauti, kimya kimya, ili zisiburutike na ili mimi nisikasirike. Nilizikunja nikazirudisha kabatini kama zilivyokuwa, nikaenda kanisani.

Sijui nilihisi nini. Nimejaribu kukumbuka na hakuna kitu hapo. Nakumbuka tu kwamba pasi ilikuwa bado moto na kwamba niliizima.

Aliyelifungua jambo hili ni mwanamke wa kanisani kwetu ambaye sikuwa hata na mazoea naye. Nilijua anafanya kazi hospitali, basi. Kumbe kazi yake ni kuwafundisha watu kutumia viungo vyao tena baada ya ajali na magonjwa. Ilikuwa Jumapili ya watoto. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu, na alipaswa kwenda mbele kusema mstari wa Biblia, maneno sita tu. Alitoka kwenye benchi la nyuma akaipita njia yote ya katikati peke yake, akiinama na kuinuka, kichwa juu, bila haraka. Watu walitabasamu. Alisema maneno yake sita bila kukosea akarudi vile vile.

Baada ya ibada yule mwanamke alinikuta penye maji ya kunawa.

"Baba, habari. Yule msichana ni wako?"

"Ni mama yangu yule," nilisema kwa mzaha, jinsi tulivyozoea.

"Ameonwa na daktari?"

Nikacheka. "Hapana, hana shida. Anatembea kama cucu yake. Amepewa jina lake, sasa amechukua na mwendo."

Hakucheka. Alikuwa ameshika Biblia yake kwa mikono miwili. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na cucu yake, alionwa na daktari?"

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo, na mimi sikuwa nimejiuliza. Nilisimama pale mikono yangu ikitiririka maji, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaotaka kunawa.

Alituandikia barua tukaenda hospitali wiki hiyo hiyo. Tulipiga picha ya eksirei, na daktari wa mifupa, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, aliibandika kwenye taa akatuonyesha kwa kalamu. Upande wa kulia, kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekaa kwenye kikombe cha nyonga, mviringo ndani ya mviringo. Upande wa kushoto kikombe kilikuwa kitupu. Kichwa cha mfupa kilikuwa juu yake, kando, kimejitengenezea mahali penye nyama.

"Hakijawahi kukaa hapa," daktari alisema. "Tangu azaliwe."

"Na hauumi?" mke wangu aliuliza.

"Sasa hauumi. Utauma baadaye."

Akatuambia kwamba huku kwetu hawaioni hali hii mara nyingi, pengine kwa sababu akina mama hubeba watoto mgongoni miguu ikiwa imepanuka, na hiyo husaidia nyonga kukaa. Aliuliza kama tulimbeba. Mke wangu alisema tulimbeba sana, na kweli tulimbeba, yeye na mama na mashangazi, hadi watu wakasema mtoto atasahau ardhi.

"Basi wengine huja nayo tu," daktari alisema. "Kuna mtu kwa familia anatembea hivi?"

Mke wangu aligeuka akatazama kalenda iliyokuwa ukutani. Aliniachia mimi.

"Mama yangu," nilisema.

"Alizaliwa hivyo, ama aliumia?"

"Sijui."

Aliandika. Halafu akatueleza yaliyobaki, na aliyaeleza vizuri, kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikuelewa. Mtoto wa miezi mitatu huvalishwa mikanda inayomkunja miguu kama chura, na kwa wengi kazi inaisha hapo, bila kisu. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi saba huenda bado ni rahisi kidogo. Mtoto wa miaka mitatu na nusu lazima apasuliwe: kichwa kitolewe kilikojificha, mfupa wa paja ukatwe upunguzwe, kikombe kikatwe kiinamishwe ili kikishike, kisha afungwe plasta kutoka kifuani hadi vidoleni. Na ifanyike mapema. Kadiri anavyokua kikombe kikiwa kitupu, kinazidi kuwa bapa, na akifika miaka sita au zaidi hata mkono mzuri hauwezi kuahidi mengi. Hapo tungekuwa tumeamua kwamba atembee hivyo maisha yake yote, na maumivu juu yake.

Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mji mwingine. Niliitikia kwa kichwa, nikasema sawa, nikauliza tuje lini. Nje, kwenye benchi, mke wangu alimfunga mtoto kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nilingoja aniambie, "Nilikwambia." Hakusema, wakati huo wala baadaye. Ningependa angesema.

Tulipewa siku. Niliiahirisha. Nilisema ofisini tunafunga mwaka wa fedha, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba siwezi kupata ruhusa, ambayo ilikuwa uongo. Tulipewa siku ya pili, nikasema mvua za vuli ndizo hizo, mama yuko peke yake shambani, tumngoje apande kwanza. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemwambia mama. Huwezi kumpasua mtu aliye na jina la mwingine bila mwenye jina kujua. Hata kama hakuna sheria inayosema hivyo, ukifanya utakuwa umemkata mama yako kisiri. Na ili nimwambie, ilinibidi niingie nyumbani kwake nimwambie kwamba mwendo wake, huu tulioupigia vigelegele, huu ambao baba aliutazama mara ya pili, ulikuwa mfupa uliokosa mahali. Nilipiga simu mara nyingi nikaongea juu ya mbolea.

Miezi mitano ilipita hivyo. Mtoto alikaribia miaka minne. Daktari alikuwa amesema kila mwezi una maana, nami nilikuwa nimepoteza mitano kwa kuogopa kuongea.

Mke wangu alikata kauli Jumatatu moja asubuhi, nikiwa nafunga tai.

"Wiki hii," alisema. "Usipoenda wewe, nitaenda mimi, na nitamwambia kwa mdomo wangu."

Alikuwa amesimama mlangoni na kanzu ya kazi, tepu ya kupimia shingoni. Nilijua ataenda. Nilijua pia itakavyokuwa, mke wa mtoto kuketi mbele ya mama mkwe na kumtajia nyonga yake, na kwamba baada ya hapo hao wawili hawangeweza tena kula sahani moja. Nikaenda Jumatano.

Nilimkuta mama ghalani akichagua viazi vya mbegu. Alikuwa ameketi juu ya kigoda na mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, jinsi aketivyo siku zote. Vile vyenye macho mazuri aliviweka kulia, vile vya kula kushoto. Baridi ilikuwa kali na alikuwa amevaa koti la zamani la baba. Nilianza kumsaidia kuchagua, akanitolea viwili nilivyokosea, kisha nikamwambia. Tulizungumza Kimeru. Hapa nayaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mama huitumia kwa madaktari na kwa wanunuzi wa viazi.

"Mimi ninapasuliwa?" aliuliza. Alimaanisha mtoto.

"Ndiyo. Hapa kiunoni."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa sababu ya kutembea."

"Kutembea kumekuwa kosa?"

Nilimweleza kikombe na kichwa. Nilichukua kiazi nikakiweka kwenye kiganja changu kilichokunjwa, nikakitoa nikakiweka kando ya kiganja. Alitazama mkono wangu. Nikamwambia, "Daktari anasema sasa haumii. Lakini akiwa mtu mzima ataumia. Akianza kuzaa, akibeba mizigo, nyonga italika."

"Atazaa," mama alisema. "Atakosaje kuzaa."

Aliendelea kuchagua. Kulia, kushoto, kulia. Kisha akasema, "Ilianza nikiwa na wewe tumboni."

"Nini?"

"Hiyo ya kuuma. Mwezi wa saba. Nilidhani ni wewe umekaa vibaya. Ukazaliwa, nikangoja iishe." Akapiga kiazi kimoja gotini kuondoa udongo. "Sijalalia upande huu tangu wakati huo."

Nilihesabu, kwa sababu hesabu ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichokuja. Miaka arobaini na moja.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mlikuwa mkisema ni mwendo wangu." Hakuwa amekasirika. Aliniambia jinsi unavyomweleza mtu njia ya kwenda mahali. "Mpeleke. Mpeleke kabla hajajua kuuzoea."

Nilitaka kulia na haikuwezekana. Nilikaa kwenye gunia tupu nikachagua viazi hadi rundo likaisha, na sikukosea tena hata kimoja.

Alipasuliwa baada ya wiki tatu. Nilitia sahihi kwenye fomu. Mtoto aliingia ndani juu ya kitanda chenye magurudumu akimwambia muuguzi kwamba viatu vyake vipya visipotezwe, na mlango ukafungwa. Ilichukua saa tano. Mke wangu alishona vifungo kwenye blauzi ya mtu, nami nilisoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, hatua zake zote, mara nyingi sana. Daktari alitoka akasema kimekaa. Alisema pia kwamba kikombe kilikuwa bapa kuliko alivyotarajia, na kwamba ingekuwa afadhali tungekuja mapema. Hakusema kwa ubaya. Nilimshukuru.

Mama alikuja Embu akakaa nasi muda wote wa plasta, karibu miezi mitatu. Aliwaachia majirani shamba katikati ya palizi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata baba alipougua. Mtoto alikuwa amekuwa mzito kama jiwe, miguu imepanuliwa, kijiti kimefungwa katikati ya magoti, na alihitaji kugeuzwa kila baada ya muda ili mgongo usipate vidonda. Mama alimgeuza. Alimwosha kwa kitambaa, alimkuna kwa kupuliza kwenye ukingo wa plasta kwa mdomo, kwa maana tulikatazwa kuingiza kitu chochote. Mke wangu alishona magauni yanayofunguka pembeni hadi juu. Wale wawili walifanya kazi pamoja kama watu waliokaa jikoni moja miaka mingi, na mimi nilikuwa nikitoka kazini nawakuta wamemweka mtoto katikati wanakula mukimo, na mama ananiambia, "Mimi leo nimekataa uji."

Nilikuwa naingia, nasalimu, nakaa. Nilikuwa natamani kuhisi kitu kikubwa, majuto au shukrani, chochote chenye uzito. Nilihisi uchovu wa kawaida wa mtu wa ofisi.

Plasta ilipokatwa mguu ulitoka mwembamba na wenye magamba, na mtoto aliuogopa kana kwamba si wake. Sasa ilikuwa zamu ya yule mwanamke wa kanisani. Alimsimamisha mbele ya kioo kirefu akamfundisha kusimama, kisha kuhama uzito, kisha hatua. Alituita kando akatueleza kwamba mfupa umerudi lakini mwili haujui. Mwili umejifunza kuinama kwa miaka miwili na nusu, na utaendelea kuinama hata pasipo sababu tusipoukataza, na akiachwa ainame misuli haitapata nguvu ya kuishika ile nyonga.

"Mkumbusheni kila mara," alisema. "Kila mara. Msimhurumie."

Kazi hiyo niliiweza. Hatimaye nilipata kitu cha kufanya ambacho hakikuhitaji nihisi chochote. Neno letu lilikuwa "mabega." Asubuhi akienda chooni, "mabega." Akikimbilia mlangoni niliporudi, "mabega," kabla sijamsalimu. Aliacha kukimbia, akayanyoosha, akanijia polepole kama askari mdogo. Mama alikuwa amerudi Kibirichia wakati huo, kwa hiyo hakuliona hilo. Mke wangu aliniambia mara moja kwamba nimezidi, nikamjibu kwamba nilipopunguza alianza kuinama tena.

Baada ya mwaka mmoja daktari alimtembeza kwenye ukumbi wa hospitali, kwenda na kurudi, akatazama picha mpya, akatupa mkono. Kikombe kilikuwa kinajijenga. Miguu ilitofautiana kidogo tu, kiasi cha soli. Ilibaki kumfuatilia hadi amalize kukua, lakini alikuwa akitembea wima, na mtu asiyejua asingejua. Mke wangu alilia pale ukumbini bila kujificha. Mimi nilikunja barua aliyotupa daktari nikaitia mfukoni.

Tulimpeleka Kibirichia wiki hiyo hiyo ili mama amwone. Alikuwa ametungoja njiani, nje ya geti. Mtoto aliteremka kwenye gari akamwendea, mabega sawasawa, hatua moja baada ya nyingine, na mama alisimama akamtazama kwa muda mrefu. Alipomfikia alimpapasa kichwa na mgongo.

"Umekuwa mtu mwingine," alimwambia.

Alisema twende naye dukani mara moja, sukari imekwisha. Duka liko hatua mia mbili tu, barabara ya udongo yenye ua wa miti upande mmoja na viazi upande mwingine. Mama alimshika mtoto mkono wakatangulia, mimi na mke wangu tukafuata nyuma. Kulikuwa na jua. Mtoto alikuwa akimweleza bibi yake habari za shule, na mama alikuwa akiitikia, na kwa hatua kumi hivi walitembea kila mmoja kivyake. Mkono uliowaunganisha ulikuwa ukivutwa chini na kurudishwa juu, na mtoto alikuwa akiyumba. Kisha akatazama miguu ya bibi yake. Nilimwona akiitazama. Akabadilisha hatua, akangoja, na mama alipoinama kushoto, naye akainama kushoto. Walishuka pamoja wakainuka pamoja. Mkono ukatulia. Mtoto hakuacha hata kidogo kuzungumza.

"Wee!" nilipiga kelele. "Acha kutembea vibaya!"

Mke wangu alinishika mkono, lakini nilikuwa nimeshasema, na kwa Kimeru.

Mtoto alinyooka mara moja, jinsi nilivyomzoeza. Mama alisimama. Hakugeuka kunitazama. Aliuachia mkono wa mtoto taratibu, akavuta leso yake vizuri, kisha nikaona mgongo wake ukinyooka chini ya sweta, bega la kulia, halafu la kushoto. Akaanza tena kutembea. Alikuwa akijaribu kutembea wima. Alishika ua kwa mkono mmoja, akakanyaga kwa mguu wa kushoto bila kuinama, akasubiri, akakanyaga tena, na hivyo hivyo hadi dukani.